Maswali ya Wasomaji: Mzaha na Jibu Lake

Barua za mwezi huu, nyingi zikitoka Lamu na Malindi, zinauliza kuhusu mizaha, vijembe na maneno ya mkato yanayosemwa barazani, uani na njiani. Nimechagua sita, nikazifupisha zilizokuwa ndefu, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Machakos, nimehamishiwa Lamu mwaka huu. Siku chache baada ya kufika, mzee mmoja aliyekuwa amekaa na wenzake pale Mkunguni, mbele ya ngome, aliniashiria kwa mkono akaniambia, "Ndoo!" Nikadhani anahitaji ndoo, nikaingia katika duka lililokuwa karibu, nikaazima moja na kumpelekea. Baraza zima liliangua kicheko, na tangu siku hiyo jina langu ni Mwalimu Ndoo. Sijui kama wananikaribisha au wananidharau, na sijui niwajibu nini.
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza tuondoe utata: katika Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo" ndiyo "njoo", kama vile "ndia" ilivyo njia na "ndaa" ilivyo njaa. Mzee alikuwa akikuita ukae naye, nawe ukampa zawadi kubwa kuliko ndoo, yaani kisa cha kusimulia. Ninavyolijua baraza la Mkunguni, mtu asiyetakiwa pale hapewi jina lolote. Husalimiwa kwa adabu kamili, huitikiwa kwa adabu kamili, kisha mazungumzo hupoa na kubaki yamepoa mpaka aondoke mwenyewe. Wewe umepewa jina, na unaitwa kwa jina hilo kila upitapo. Watu wanangoja useme neno.

Hapo ndipo penye uhondo wa mzaha wa huku kwetu, na wageni wengi huukosa kwa kukimbilia kukasirika au kucheka cheko la kujikaza. Mzaha wa barazani haumaliziki kwa yule aliyeuanza. Yeye hutoa nusu yake, akanyamaza, na nusu ya pili humwachia mwenzake. Ndiyo maana baada ya neno la kuchokoza huwa kuna kimya kidogo, na macho yote humgeukia aliyechokozwa. Kimya hicho ni nafasi yako.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja alikuwa akipita na punda aliyepakiwa mifuko ya mchanga kutoka gatini, naye punda akienda hatua moja, akisimama mbili. Mzee mmoja barazani akauliza, "Mwanangu, punda huyo amefunga?" Kijana akajibu bila ya kusimama, "Hakufunga, babu. Ana adabu tu, hapiti mbele ya wazee mbio." Wazee walicheka kuliko walivyocheka kwa lile swali, na aliyeuliza ndiye aliyecheka zaidi. Tazama jinsi jibu lile lilivyojengwa: halikumrudishia mzee kejeli, wala halikukanusha kwamba punda ni mzito wa kwenda, bali liliuchukua uzito ule ule na kuugeuza kuwa heshima kwa walioketi. Kijana alishinda, na walioshindwa walisifiwa, kwa maneno yasiyozidi pumzi moja.

Wauza kahawa nao ni mafundi wa jambo hili. Niliwahi kumsikia mmoja akiambiwa na mteja wake wa kila siku kwamba kahawa ya leo imezidi uchungu. Akaliinua dele lake, akalichungulia kwa utulivu mkubwa, kisha akasema, "Ni kweli, shekhe, imechanganyika na deni lako la juzi." Mteja alicheka akatia mkono mfukoni. Deni lile lile lingalidaiwa kwa sauti ya kudai, mtu yule angaliaibika mbele ya wenziwe na pengine angaliondoka kwa hasira. Lilipodaiwa kwa mzaha, alipewa njia ya kulipa huku akicheka pamoja na wengine.

Kuchokozana na kujibizana ni mila kongwe katika pwani hii. Karibu na mwaka 1812, Lamu ilipokuwa katika uhasama na Mombasa na Pate, uhasama uliofikia Vita vya Shela, washairi wa pande hizo walikuwa wakijibizana kwa tungo, Muyaka bin Haji akiisemea Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi akiisemea Lamu. Watu waliokuwa tayari kupigana kwa mikuki bado waliona haja ya kumjibu adui kwa shairi lenye vina vyake sawasawa, na mimi hulitazama jambo hilo kwa fahari kubwa. Hata leo mtu wa Mkomani na mtu wa Langoni, wakazi wa pande mbili za mji mmoja, ni nadra kukutana bila ya kurushiana neno kuhusu nani mwenye ngoma nzuri na nani mwenye maneno mengi.

Basi siku watakapokuita tena Mwalimu Ndoo, usikunje uso wala usijieleze. Geuka, itika, useme, "Naam, na maji yamo. Nani ana kiu?" Kisha kaa. Ukishasema hivyo utakuwa umelipokea jina kwa masharti yako mwenyewe. Na kama jina hilo linakuumiza kweli, unayo haki ya kulikataa, lakini likatae faraghani. Mwendee mzee aliyelianzisha wakati baraza halijajaa, umweleze kwa upole kwamba wanafunzi nao wameanza kukuita hivyo darasani na kazi inakuwa ngumu. Yeye akilisimamisha, hakuna mwingine atakayeliendeleza.

SWALI: Dada yangu Mhariri, naishi Malindi, mtaa wa Barani, katika nyumba moja na wifi yangu. Mwezi uliopita tulikosana kuhusu zamu ya kufagia ua. Siku mbili baadaye akaja na leso mpya yenye jina "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", na kila akiifua huianika upande wa mlango wangu, jina likinitazama. Majirani wanasema nami ninunue leso yangu nimjibu. Nifanye nini?
Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Dada yangu, umenigusa mahali ninapopapenda sana, kwa sababu leso ni kipaji cha wanawake wa pwani ambacho bado hakijapewa sifa inayostahili. Kama ujuavyo, leso ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maandishi yanayokaa chini ya mji. Desturi ya kuandika jina ilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana katika habari hiyo ni mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye alianza biashara yake mwaka 1887 na ambaye leso zake zilitambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Hapo kwanza majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo mwanamke ameweza kusema lake akiwa amefumba mdomo, na akiulizwa anaweza kujibu kwamba yeye alipenda rangi tu.

Jibu hilo la "nilipenda rangi tu" ndilo linalokupa wewe nafuu. Fumbo halina anwani mpaka mtu ajitokeze kulipokea. Ukinuna, ukimnong'oneza jirani, ukibadilisha kamba ya kuanikia, utakuwa umetia saini kwamba barua ni yako. Mimi nakushauri umwendee asubuhi, wakati anaianika, uishike leso kwa ncha mbili kama mtu anayetazama kitu kizuri, useme, "Wifi, pindo hili limekaa vizuri mno. Uliipata wapi?" Atakuambia alikoipata. Hawezi kukuambia zaidi ya hapo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kusema kwa leso.

Ama kuhusu kununua leso ya kumjibu, sikukatazi, bali nina wazo lililo bora kuliko la majirani. Leso huuzwa jozi, mbili zikiwa zimeshikana, na mnunuzi ndiye anayezikata na kuzipinda. Nunua jozi yenye jina "Wema hauozi", ikate, ipinde kwa mikono yako, kisha umpelekee yeye moja na ujifunge nyingine. Siku mtakayofagia ua mkiwa mmevaa leso za jozi moja, hao majirani wanaokuchochea watakosa la kusema. Nimeona jambo hili likipatanisha mawifi ambao hata salamu zilikuwa zimekatika.

Jambo moja tu usilivumilie. Wanawake wa Lamu wakicheza vugo harusini, wakigonga pembe kwa vijiti, upande mmoja huwatupia wenzao mafumbo makali katika nyimbo, na upande wa pili nao huwarudishia. Ukali ule unakubalika kwa sababu wote wana pembe mikononi na wote watapata zamu yao. Lakini wifi yako akivuka kutoka kwenye zamu za kufagia akaingia katika mambo ambayo hukuyachagua, kama vile uzazi, maradhi au umaskini wa kwenu, hapo hakuna fumbo tena. Usinunue leso. Mwite mkubwa wa nyumba, mkae, yasemwe wazi.

SWALI: Bi Mhariri, nimeolewa Faza nikitokea Nairobi. Bibi wa mume wangu, mwenye umri mkubwa sana, huniita "mke mwenzangu" na kila jioni huniuliza mbele za watu, "Utanirudishia lini mume wangu?" Mimi hushikwa na haya, nikaondoka. Je, amenichukia?
Msomaji, Faza

JIBU: Amekupenda, mdogo wangu. Kwetu bibi na wajukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ndiye mume wake tangu alipokuwa akitambaa, na mke wa mjukuu kwa hiyo ni mke mwenza. Kila jioni unapoondoka kwa haya, mzee wa watu anabaki na nusu yake ya mzaha mkononi, hana wa kumpokea. Kesho akikuuliza, mwambie, "Mchukue hata usiku huu, mke mwenzangu, ila na nguo zake chafu umfulie wewe." Utaona atakavyokukumbatia.

Lakini ujue mpaka: ruhusa hii ni ya bibi peke yake. Mavyaa wako, mama wa mume, hataniwi. Yeye husalimiwa, husikilizwa na kuhudumiwa, hata kama ni mcheshi na yeye ndiye aliyeanza. Akisema neno la kuchekesha, cheka, usimjibu. Watu wa nje huona ajabu kwamba aliye mkubwa zaidi ndiye anayetaniwa, lakini bibi amekwisha kumaliza kazi ya kulea na kukanya, na sasa anataka kucheka na watoto, ilhali mavyaa bado yumo kazini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Babu yangu hutusimulia visa vya Abunuwasi, na mwenzangu darasani anasema mtu huyo hakuwahi kuwepo. Nani mkweli?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi mashuhuri wa Kiarabu aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa Harun al-Rashid, akafariki karibu na mwaka 814. Visa ambavyo babu yako anavisimulia, hata hivyo, ni vya Abunuwasi wetu, mjanja ambaye wasimulizi wa pwani wamemlea wenyewe kwa muda mrefu, naye anaijua mitaa yetu kuliko anavyoijua Baghdad.

Muulize babu akusimulie kile cha sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akasema, "Imezaa." Jirani akazipokea zote mbili kwa furaha. Alipoiazima mara ya pili hakuirudisha, na alipoulizwa akajibu kwa huzuni kwamba sufuria imefariki. Jirani akapiga kelele kwamba sufuria haifi. Abunuwasi akamwambia kuwa kilichozaa hakikosi kufa. Zingatia, mwanangu, kwamba Abunuwasi hakutumia neno lolote la matusi. Jirani alifungwa na jambo alilolikubali mwenyewe siku ya kwanza, alipoona faida. Ukitaka kujifunza kujibu watu kwa akili, jizoeze kumsikiliza mwenzako kama Abunuwasi alivyosikiliza, maana jibu zuri karibu kila mara limo ndani ya maneno ya yule aliyeanza.

SWALI: Mwanangu Mhariri, mimi ni mzee wa hapa Shela. Vijana wa siku hizi hutembea na simu, na mtu mzima akiteleza gatini au akikosea neno, wao hurekodi, wakaandika maneno ya kuchekesha juu ya picha yake, wakaisambaza. Nikiwakanya husema ni mzaha tu. Na wako wengine wanaosema kwamba dini imekataza mzaha wote. Lipi ndilo?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Shikamoo, baba. Wanaosema kwamba mzaha wote umekatazwa wamepita mpaka. Imepokewa katika hadithi kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba kipando. Mtume akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Mtu yule akashangaa, akasema mtoto wa ngamia atamfaa nini. Mtume akamwuliza, je, ngamia mkubwa naye si mtoto aliyezaliwa na ngamia? Ulikuwa ni mzaha, tena ulikuwa ni kweli tupu, na aliyetaniwa aliondoka na kipando chake. Imepokewa pia kwamba masahaba walimwambia, "Wewe unatutania," naye akawajibu kwamba hasemi ila kweli.

Ama hao vijana wa simu, wasomewe aya ya 11 ya Suratul Hujurat, ambayo inawakataza watu kuwadharau wenzao, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wao, na inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Nami naongeza hoja ya kibinadamu, kwa sababu jambo hili linaniuma kama linavyokuuma wewe. Mzee aliyeteleza gatini, angalikuwa ametaniwa palepale na mtu anayemjua, angaliinuka akipangusa kanzu na kusema kwamba alikuwa akipima kama ngazi ni imara, na wote wangalicheka, naye akiwa wa kwanza. Katika simu hana nafasi hiyo. Picha yake inazunguka nyumba asizozijua, inachekwa na watu asiowaona, na hata akiwa na jibu zuri kuliko yote hana pa kulipeleka. Wamemchukulia kuanguka kwake, na pamoja nako wamemchukulia ulimi wake. Sikubali hata kidogo kwamba huo ni mzaha.

Nakushauri, baba, usiwakanye kwa jumla, maana kijana akikanywa katika kundi husikia kwa sikio la kundi. Mchukue mmoja, aliye mwerevu zaidi, umkalishe karibu nawe barazani jioni kadhaa, umtanie, umngoje ajibu. Akishapata ladha ya kumchekesha mzee aliye mbele yake, ile simu itakuwa na mshindani. Na iwapo picha ya mtu imekwisha kusambazwa, wazazi wa kijana aliyeisambaza waambiwe siku hiyo hiyo, na kijana afutishwe picha kisha aende kuomba radhi kwa miguu yake mwenyewe.

SWALI: Naendesha tuktuk hapa Malindi na nataka kuandika maneno ya kuchekesha nyuma. Fundi wa maandishi amenipendekezea "Masikini hapandi". Wewe waonaje?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Mwambie fundi huyo aiweke rangi yake chini kwanza. Maneno hayo yanamtukana abiria wako kabla hajapanda, na yeye aliye nyuma yako kwa miguu, akiwa hana nauli, hana namna ya kukujibu. Andika neno ambalo dereva mwenzako akilisoma atatamani kukupigia kelele la kwake mtakapokutana stendi. "Ukifika kwanza, nisalimie" litawafaa wanaopenda kukupita kwa kasi. "Haraka ya nini, bahari haihami" linaufaa mji wa Malindi, na mgeni aliyekuja kuogelea atalielewa mara moja akitafsiriwa. Yote mawili ni mafupi, yanasomeka hata tuktuk ikiwa inakwenda. Hakikisha tu kwamba fundi hakufuniki nambari ya usajili kwa mapambo yake, kwa sababu askari wa barabarani atakuwa na neno lake pia, na hilo utalijibu kwa faini.